Siku Ngazi Zilipofungwa

Bi Mwanahawa alikuwa hajashuka chini tangu masika yalipokwisha. Chumba chake kilikuwa ghorofani, upande wa nyuma wa nyumba ya mwanawe Hashimu huko Kilakala, na dirisha lake lilitazama mlima. Hashimu alimpa chumba kile kwa makusudi siku alipomleta kutoka kijijini Kinole, huko milimani. Kumbukumbu za mama zilikuwa zimeanza kumtoroka, na majirani wa kule walikuwa wakimkuta chini ya michungwa anamwita mumewe, mtu aliyekwisha kuzikwa zamani. Hashimu aliona kwamba mama akiamka kila asubuhi na kuuona mlima, hatajihisi yuko ugenini.

Mwanzoni alishuka vizuri tu. Alikaa barazani, akachambua mchele, akaitikia shikamoo za wapita njia. Kisha siku moja mvua ya upepo ikapenya dirisha la ngazini, ikalowesha ngazi za saruji, naye akateleza. Mkwewe, Chausiku, ndiye aliyemkuta katikati ya ngazi, amekaa, kanga imemvuka, anatazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mfupa haukuvunjika. Nyonga ilimuuma kwa muda, ikapona. Lakini baada ya kupona hakutaka kushuka tena. Kila alipofikishwa mwanzo wa ngazi alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili na kutikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Bado."

Wote nyumbani walidhani ni woga. Nani asingeogopa?

Mzigo ulimwangukia Chausiku. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa katika chumba cha mbele huko chini, karibu na mlango, mahali wateja walipomfikia kwa urahisi. Kila sauti ya juu ilipoita "Wewe binti!" aliacha kitambaa chini ya sindano na kupanda. Alipandisha uji, akapandisha maji ya kuoga, akashusha beseni, akapandisha chai. Hakuwa mkwe mbaya. Alikuwa amechoka. Na katika uchovu ule alijijengea tabia moja ambayo yeye aliiona kuwa ni dawa: kila mama alipokosea, alimrekebisha.

Mama akiuliza kama mto umejaa, Chausiku alijibu, "Hapa hakuna mto, mama. Hapa ni Kilakala."

Akisema mumewe amechelewa shambani, alijibu, "Baba alifariki, mama. Zamani."

Alifanya hivyo kama mtu anayemshika mkono mwenzake asichukuliwe na maji. Lakini kila alipomrekebisha, uso wa mama ulififia, ukageukia ukutani, na chumba kikawa kimya mpaka jioni.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo Chausiku hakuyaelewa, akayaweka yote kwenye fungu la ugonjwa. Hashimu akiingia chumbani, mama alijifunika uso kwa kanga. Alipenda kutazama mlima, ila akiwa amejibanza pembeni ya pazia, asionekane na watu wa njiani. Aliomba mafuta ya nazi kila siku, akajipaka mikono taratibu, kutoka begani hadi kwenye kucha. Na karibu kila asubuhi aliuliza, kwa sauti ya chini sana, "Wamekuja?"

"Nani, mama?"

Mama aliendelea kujipaka mafuta.

Hashimu alikuwa dereva wa lori. Safari moja alishusha mzigo kwenye nyumba fulani ya Bigwa, akaona ngazi zilizofunikwa kwa vibao vya lamineti, vile vyembamba vyenye sura ya mbao halisi, na kila ngazi ina ukingo wa alumini wenye mistari ya kuzuia mguu usiteleze. Aliporudi hakuzungumza jambo lingine.

"Hazina ule ubaridi wa saruji, Mama Shukuru," alimwambia mkewe, akimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa shule ya bweni Iringa. "Ukikanyaga unahisi umekanyaga kitu kilicho hai. Mama akizizoea atashuka. Nakwambia atashuka."

Chausiku alichagua rangi. Alichagua ile ya mninga, yenye wekundu wa mbali kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Maboksi yakaletwa, yakalazwa sebuleni siku kadhaa yazoee hewa ya nyumba, kama fundi alivyoagiza.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke. Jina lake Josephina, mtu wa Mahenge, mpana wa mabega, mwenye suruali ya mifuko mingi na kitenge amekifunga juu yake. Kazi aliifundishwa na kaka yake. Alikuwa na tabia ya kuzisemesha mbao. "Haya mama, ingia hapo," aliviambia vibao. "Usinikasirikie, nitakukata kidogo tu."

Siku ya kwanza alikwangua saruji, akaziba mashimo, akasawazisha kingo zilizomeguka. Siku ya pili alipima. Aliyezimwaga ngazi zile miaka ile hakuwa ametoa hata mbili zilizolingana, kwa hiyo Josephina alipima kila moja peke yake, akakata kibao cha kukanyagia na kibao cha kusimama, akaviandika nyuma kwa penseli na kuvipanga uani kwa safu. Vumbi la mbao lilitanda juu ya majani ya mgomba. Upepo ulipovuma kutoka mlimani liliinuka, likapita dirishani hadi ghorofani, laini kama unga.

Siku ya gundi ndiyo iliyokuwa na shida.

"Nikishapaka gundi, mguu wa mtu usikanyage mpaka kesho asubuhi," Josephina alieleza. "Aliye juu yuko juu. Aliye chini yuko chini. Wengine huanzia chini kupanda. Mimi naanzia juu nashuka, nisije nikajifungia huko na bibi tukalala wote."

Walikuwa wamekubaliana kwamba Hashimu ndiye atakayebaki juu na mama yake. Choo kilikuwepo juu, maji yalijazwa kwenye pipa. Lakini asubuhi ile simu ililia. Hashimu alikuwa amekwama Ruaha Mbuyuni njiani kurudi, springi ya lori imekatika.

"Tuahirishe?" aliuliza kwenye simu.

Chausiku alitazama vibao vilivyopangwa uani. Akamtazama Josephina aliyekwisha kufungua kopo la gundi. Akawaza nguo za harusi ya watu zilizokuwa zikimsubiri kwenye cherehani.

"Hapana," alisema. "Nitapanda mimi."

Akachukua sindano ya mkono, gauni moja la kupindwa, mkate na chupa ya chai. Akapanda. Nyuma yake Josephina akaanza kupaka gundi kwenye ngazi ya juu kabisa, na njia ikafungwa.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mlimani mpaka kwenye mapaa ya Kilakala. Kutoka dirishani haukuonekana mti wala ukuta wa jirani. Weupe ule ulijongea polepole, ukafunguka kidogo, ukajifunga tena. Sauti zilikuja bila wenyewe: jogoo, pikipiki, maji yanayotiririka mahali fulani, kicheko cha wasichana waendao shule. Chausiku alikaa kwenye mkeka chini ya dirisha. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokaa katika chumba kile bila kuwa na kitu cha kubeba akishuka. Bi Mwanahawa alikuwa kitandani, miguu ameikunja, anajipaka mafuta.

Ndipo Josephina akaanza kugonga.

Alikuwa akitumia nyundo ya mpira, na kila kibao alichokilaza alikigonga pole pole toka ukingo hadi ukingo gundi ishike. Tu. Tu-tu. Tu. Saruji ya nyumba nzima ilibeba mlio ule, ukaja chumbani ukiwa mzito, kama unatoka chini ya ardhi au upande wa pili wa bonde.

Mikono ya Bi Mwanahawa ilisimama.

"Wanajaribu ngoma," alisema.

Chausiku alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari ulimini: hapana mama, ni fundi, anatengeneza ngazi. Alimtazama yule mzee. Uso wake ulikuwa umeamka. Macho, ambayo siku zote yalionekana kutazama kupitia maji, yalikuwa makavu na angavu, na shingo ilikuwa imesimama. Chausiku hakuwahi kumwona hivyo, na hakutaka kuwa yeye wa kuufunga tena uso ule. Tena siku nzima ilikuwa mbele yao na hapakuwa na pa kwenda.

"Ngoma ya nani, mama?" aliuliza.

Bi Mwanahawa alicheka kidogo, akajiziba mdomo.

"Unaniuliza mimi? Mwali anajua nini? Mwali haambiwi."

Tu-tu. Tu.

Chausiku aliweka chini lile gauni. Alikuwa amekulia Msamvu, kwenye kelele za mabasi ya bara, na yeye alipovunja ungo aliambiwa maneno machache na mama yake jikoni, basi, kesho yake akaenda shule. Lakini bibi yake mzaa mama alikuwa amemsimulia mambo ya zamani ya Waluguru: jinsi msichana alivyowekwa ndani miezi na miezi, asionwe na mwanamume, asiguswe na jua, anakula na kupakwa mafuta na kufundishwa na mwanamke aitwaye somo, mpaka siku ya kutolewa nje kwa ngoma. Alimkumbuka bibi akisema mwali hatoki mwenyewe. Hata nyumba ikiwa wazi, hatoki. Anatolewa.

Kanga usoni Hashimu aingiapo. Mafuta. Kujibanza nyuma ya pazia. *Wamekuja?* Na ile *bado*, aliyoisema kila walipomshika mkono juu ya ngazi na kumbembeleza kwamba hazitelezi, asiogope.

Chausiku alihisi kitu kikizunguka ndani yake polepole, kama ufunguo.

"Umekaa ndani siku nyingi?" aliuliza.

"Siku nyingi," alisema Bi Mwanahawa. "Nimehesabu mwezi mpaka nimechoka. Wenzangu wote wametolewa. Nawasikia wanapita wanachota maji, wanacheka. Mimi bado." Akainama. "Somo alisema nisitoke na mtu yeyote. Nisubiri mpaka aje mwenyewe anishike mkono. Basi nasubiri."

"Somo wako ni nani?"

"Shangazi Maimuna. Humjui? Kila mtu anamjua. Anacheka kwa pua."

Chausiku aliwaza kusema, mimi ndiye Maimuna. Lingekuwa jambo jepesi. Lakini aliona haya kumdanganya mtu aliyemwamini namna ile, akasikiliza nyundo ikishuka ngazi moja, na nyingine. Nje ukungu uligusa nondo za dirisha, ukaacha matone.

Hatimaye aliuliza, "Somo akishindwa kuja. Labda mvua, labda njia imekatika. Anaweza kumtuma mtu?"

Bi Mwanahawa alifikiri kwa makini, kama hakimu.

"Anaweza," alisema. "Lakini huyo mtu awe anaujua wimbo. Asiyejua wimbo ni mpita njia tu."

"Nifundishe."

"Wewe?"

"Mimi. Nifundishe, nitakutoa."

Yule mzee alimtazama kwa muda. Kisha akasogea kitandani, akapapasa godoro pembeni yake. Chausiku alipanda akaketi. Walikuwa hawajawahi kukaa hivyo, bega kwa bega.

Wimbo ulikuwa wa Kiluguru, na Chausiku alikijua Kiluguru kwa kukisikia tu sokoni. Ulikuwa mfupi, lakini ulipindapinda, ukarudi ulikotoka pale ulipodhani umekwisha. Maneno yake yalikuwa kama kusema:

*Toka, mwali, toka,*
*ukungu umekwisha kupanda,*
*njia imefagiliwa,*
*jua linakuulizia.*

Chausiku alikosea. Bi Mwanahawa alimpiga kofi dogo la paja. "Usikimbilie! Unakimbilia wapi?" Akarudia. Akakosea tena. Kwa mara ya kwanza tangu mama ahamie pale, mrekebishaji alikuwa yeye, na mwenye kurekebishwa alikuwa Chausiku, na wote wawili walilipenda jambo hilo kuliko walivyotarajia. Walicheka. Chini, Josephina alisikia wimbo, akapunguza kasi, na bila kujua akaanza kugonga vibao kwa mwendo ule ule.

Mchana fundi aliita kutoka uani. Chausiku alitoka nje hadi kwenye roshani, akateremsha kikapu kwa kamba ya kuanikia nguo, na jirani yao Pendo akatia humo bakuli la wali, mboga ya majani ya maboga na machungwa. Kikapu kilipanda kikiyumba katika ukungu uliokuwa ukitawanyika, na Bi Mwanahawa, nyuma ya pazia, alikitazama kama mtu anayeona kitu cha ajabu lakini kinachostahili.

Walikula pamoja, sahani moja. Mama alisimulia. Hadithi zake hazikuwa na mwanzo wala mwisho. Alisema juu ya mti wa mdalasini uliokuwa nyuma ya nyumba yao, na jinsi alivyokuwa akipitisha mkono kwenye tundu la ukuta kuugusa usiku, ili ajue kama dunia ya nje bado ipo. Alisema juu ya mama yake kumletea ndizi zilizochomwa. Akasinzia katikati ya sentensi, akaamka, akaendelea na sentensi nyingine. Chausiku hakumsahihisha hata mara moja. Aliuliza tu, "Halafu?" Na kila alipouliza, ilikuwa kama kufungua mlango mwingine ndani ya nyumba ambayo alidhani ina chumba kimoja.

Alasiri jua lilitoka. Mlima wote ukasimama dirishani kwa ghafla, wa kijani, na mistari ya maji inang'aa miambani. Nyundo ilikuwa chini kabisa sasa, haisikiki vizuri. Kisha ikanyamaza.

"Nimemaliza, Mama Shukuru!" Josephina aliita. "Nimeweka matofali juu yake yakandamize. Asishuke mtu, hata paka!"

"Ngoma zimenyamaza," Bi Mwanahawa alinong'ona kwa wasiwasi.

"Zinapumzika," alisema Chausiku. "Ni kesho."

"Wamekwambia?"

"Mimi ndiye ninayejua. Ni kesho asubuhi."

Walilala mapema, kitanda kimoja, na usingizini mama alimshika kidole kama mtoto.

Asubuhi Josephina alikuja na Pendo. Aliinua matofali, akafuta alama za gundi kwa kitambaa, akapanda ngazi zote na kushuka, akikanyaga kwa uzito kwenye kila kona akisikiliza kama kuna kibao kinachopiga kelele. Hakikuwepo. Mwanga wa dirisha la juu uliteremka juu ya rangi ile ya mninga.

Chausiku aliwainamia kutoka juu, akawaeleza kwa maneno machache. Pendo aliweka mkono kifuani. Josephina hakucheka wala hakushangaa.

"Kwetu nako mwali hatoki kimyakimya," alisema. Akachukua ndoo tupu, akaigeuza, akakaa chini ya ngazi, akaiweka katikati ya magoti.

Chumbani, Chausiku alimwogesha mama na kumpaka mafuta. Alimvika gauni jipya, lile alilokuwa akilipinda jana yake; mteja mwenye nalo angeshonewa jingine. Akamfunika kichwa na mabega kwa kanga mbili, uso ukabaki katika kivuli chekundu. Mzee alimshika kiwiko.

"Nikikosea hatua?"

"Hutakosea. Nitakuwa mbele yako."

Walifika mwanzo wa ngazi. Chausiku alishuka ngazi moja, akageuka, akanyoosha mikono yote miwili. Josephina akapiga ndoo: tu, tu-tu, tu. Chausiku akaimba. Sauti yake haikuwa nzuri, na Kiluguru chake kilikuwa cha kuazima, lakini hakukimbilia.

Bi Mwanahawa aliachia mwimo wa mlango. Akaweka unyayo kwenye kibao cha kwanza. Akausimamisha hapo, vidole vikipapasa.

"Pana joto," alisema.

Akashuka. Akashuka tena. Macho chini, hatua fupi, jinsi alivyofundishwa. Pendo akapiga kigelegele, akajizuia, akapiga kingine. Wakaendelea hivyo mpaka katikati.

Katikati, mama alisimama. Akainua kanga usoni. Akazitazama ngazi, ukuta, dirisha lile lililoingiza mvua.

"Nilianguka hapa," alisema. Sauti haikuwa ya mwali. Ilikuwa ya mwanamke mzee, mwenye akili zake, anayeogopa.

Ndoo ilinyamaza. Chausiku alisimama ngazi moja chini yake, mikono ya mama mikononi mwake. Kusema hapana kungekuwa uongo. Kuimba kungekuwa kumkimbia.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ulianguka hapa. Mimi ndiye niliyekuokota."

Bi Mwanahawa alimtazama usoni kwa muda mrefu, kila sehemu, paji la uso, pua, kidevu.

"Chausiku," alisema.

"Abee, mama."

"Nilikuwa na uzito?"

"Kidogo tu."

"Basi nishike vizuri."

Alimshika vizuri. Na Josephina, ambaye machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyajali, akaanza tena kupiga, polepole kuliko mwanzo. Wakashuka ngazi zilizobaki mpaka chini, wakapita sebuleni, wakapita cherehani, wakatoka mlango wa mbele. Jua lilikuwa kwenye baraza yote. Pendo alikuwa ametandika mkeka. Bi Mwanahawa alipolikanyaga jua alifumba macho, akainua uso, na mabega yake yakatikisika mara chache kwa mwendo wa ngoma, mepesi, kama kuku anayekung'uta maji. Kisha akakaa, akaomba chai.

Baada ya siku ile alishuka kila asubuhi. Hakuutaja tena uali wala somo wake. Hakupona pia, kwa maana ugonjwa ule hauna kurudi nyuma. Siku nyingine alikuwa bibi harusi anayeona haya kuomba chumvi kwa wakwe. Siku nyingine alikuwa amebeba mtoto mchanga asiyetaka kunyonya, na Chausiku akishona alimpa ushauri wa kunyonyesha na wa uji wa pilipili manga. Siku chache, zisizotabirika, alikuwa Bi Mwanahawa wa leo, akiuliza habari za Shukuru shuleni na kulalamikia bei ya mchele. Chausiku alijifunza kusubiri neno la kwanza kabla ya kujibu. Uchovu haukumwisha. Lakini alikuwa akichoka pamoja na mtu sasa, si kwa ajili yake tu.

Hashimu alirudi na lori lake alasiri moja, siku chache tu baada ya mama kushuka, amechafuka kwa grisi na vumbi la njia ya Mikumi. Alifungua geti akamwona mama yake barazani, anamenya machungwa kwa kisu kidogo. Begi lilimdondoka.

"Mama! Umeshuka!"

Bi Mwanahawa aliinua macho. Hakujifunika uso. Alimtazama kwa upole wa mwenye nyumba anayemwona mgeni mwenye heshima.

"Karibu, kijana. Mwenye nyumba amesafiri, lakini mkewe yupo. Karibu ukae."

Chausiku aliona uso wa mumewe ukivunjika. Alimwona akivuta pumzi ya kusema, mama, ni mimi, Hashimu, mwanao. Alitoka nyuma ya cherehani, akasimama mlangoni, akatikisa kichwa kidogo tu. Walitazamana. Hashimu alimeza alichotaka kusema. Akavua viatu, akaketi kwenye ukingo wa baraza.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Umetoka mbali?"

"Mbali sana."

"Njiani mvua ipo?"

"Ipo, mama. Huko milimani ipo."

"Na kwenu ni wapi?"

Hashimu alitazama mikono yake yenye grisi. "Kinole," alisema.

"Kinole!" Kisu kilisimama juu ya chungwa. "Kinole kwa nani?"

"Kwa Bi Mwanahawa. Nyumba yenye mdalasini nyuma."

Mama alifikiri, akitabasamu peke yake, kama mtu anayesikia jina la mji aliowahi kuishi. Akagawa chungwa vipande viwili, akamnyooshea kilicho kikubwa.

"Basi wewe ni mtu wa kwetu," alisema. "Mbona unakaa mbali hivyo? Sogea."

Hashimu akasogea.